Sukari ya kidole 11, ya miezi mitatu 6.4: je, tupeleke mate ya baba nje?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama, ninaandika kutoka Makorora, Tanga. Baba yangu ana miaka 61 na huu ni mwaka wa sita ana kisukari. Nikimpima asubuhi kwa mashine ya kidole kabla hajala, napata 10, mara nyingine 11. Lakini kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, kimetoka 6.4 mara mbili mfululizo. Daktari mmoja alituambia yuko vizuri, mashine yetu ndiyo mbovu. Mwingine anataka kumwongezea dawa. Kaka yangu aliyeko Uingereza anasema utafiti umefika mbali, siku hizi mtu anapimwa vinasaba na kupewa dawa inayomfaa yeye peke yake, na yuko tayari kulipia baba atume mate yake kwenye kichupa. Je, ni kweli? Swali la pili halihusiani na hilo: mwanangu wa kiume, miaka minne, ana siko seli. Hizo tiba mpya zinaweza kumsaidia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona maswali yako yanahusiana sana. Pengine nusu ya jibu la babu imo ndani ya swali la mjukuu, kwa hiyo nitaanza na damu ya mtoto.

Mtoto hapati siko seli kwa mzazi mmoja. Jeni moja ya selimundu, yaani siko seli hiyohiyo, hutoka kwa baba yake na nyingine kwa mama yake. Wewe basi unayo moja, na uliipata ama kwa baba yako huyu, ama kwa mama yako. Aliyekupa huenda hajaumwa hata siku moja kwa ajili yake, maana mwenye jeni moja, ambaye maabara humwandika AS, huishi kama watu wengine. Ila damu yake haisomeki kama ya watu wengine kwenye kila kipimo, na hapo ndipo 6.4 ya baba inapoanza kunitia shaka.

HbA1c ni kumbukumbu. Sukari iliyomo kwenye damu hujibandika taratibu kwenye hemoglobini ya chembe nyekundu, na ikishajibandika hukaa nayo. Chembe yenyewe huishi siku 120 hivi. Maabara ikijua ni asilimia ngapi ya hemoglobini imeshikwa na sukari, inakisia wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Hesabu hiyo yote imesimama juu ya jambo moja: kwamba chembe za baba yako zinaishi muda uleule wa chembe za watu ambao hesabu ilitengenezwa kwao. Zikifa mapema, hazipati muda wa kukusanya sukari, na karatasi inatoka safi huku mgonjwa anaumia. HbA1c ya 6.4 inalingana na wastani wa sukari wa 7.6 hivi. Mtu ambaye wastani wake ni 10 hutarajiwa kutoa karibu 8. Sukari ya asubuhi peke yake si wastani, nakubali, lakini pengo hilo ni kubwa mno kuliacha lipite.

Kabla hatujaishtaki damu, tuanze na mashine. Daktari wa kwanza hakukosea kuifikiria. Mtu aliyetoka kumenya embe akapimwa bila kunawa hutoa namba ya uongo, tena ya juu. Kopo la stripu likiachwa wazi katika unyevunyevu wetu wa pwani, stripu huharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa. Baba anawe kwa sabuni, akaushe mkono vizuri, mtumie kopo jipya. Kisha siku moja mwende maabara na mashine yenu, atolewe damu ya mshipa na apimwe kidole saa ileile. Namba zikikaribiana, mashine imeachiwa huru.

Nadhani itaachiwa, kwa sababu ya yale ambayo utafiti umeonyesha. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwalinganisha watu weusi wenye AS na wasio nayo, zaidi ya 4,600 kwa jumla. Walikuta kwamba kwa kiwango kilekile cha sukari, HbA1c ya wenye AS ilisoma chini kwa takriban 0.3. Hiyo peke yake haitoshi kuleta pengo la baba yako. Lakini mwaka huohuo kundi jingine lilikusanya data za watu karibu 160,000 wa asili mbalimbali na likakuta jambo zito zaidi: kwa wanaume wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ile aina yake ya Kiafrika, HbA1c ilisoma chini kwa takriban 0.8. Walikadiria kwamba Marekani peke yake, watu weusi wapatao 650,000 wenye kisukari wangeweza kupita bila kugunduliwa endapo ingetegemewa HbA1c tu.

G6PD ndicho kimeng'enya kinachoilinda chembe nyekundu isiharibiwe na kemikali kali zinazopita ndani yake. Kikipungua, chembe huzeeka haraka. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume anayo moja tu, kwa hiyo ikiwa na kasoro hana akiba. Wengi wenye upungufu huu hawajui kabisa, wanafika uzeeni bila kusikia jina lake.

Kwa nini haya yatuhusu sisi zaidi? Malaria ndiyo sababu. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha, kwa utafiti wake wa Afrika Mashariki, kwamba mwenye jeni moja ya selimundu anakingwa dhidi ya malaria. Upungufu wa G6PD nao umeenea kwa sababu ya aina hiyo. Waliotutangulia Muheza, Pangani na bonde la Zigi waliishi na mbu vizazi kwa vizazi, na waliobaki wakazaa ni wale ambao kimelea hakikustawi katika damu yao. Sisi ni watoto wa hao. Iko na alama ya tatu, iitwayo Duffy. Walio wengi wetu hatuna alama hiyo kwenye chembe nyekundu, ndiyo maana aina ya malaria iitwayo vivax inatusumbua kidogo sana. Watu wasio nayo huwa na nyutrofili chache kwa asili, nazo ni chembe nyeupe za kupambana na vijidudu, na wala hawaugui kwa ajili hiyo. Lakini kiwango cha kawaida kilipangwa kwa damu za Ulaya na Marekani. Hivyo mtu mzima wa afya anaandikiwa "chini", na mwenye saratani anaahirishiwa dozi aliyoihitaji wiki hii. Jambo hili linaniuma, kwa sababu dawa ipo, mgonjwa yupo, na kinachowatenganisha ni mstari uliochorwa kwa damu ya watu wengine.

Damu yetu huamua pia dawa ipi itatudhuru. Mwaka 2001 ilichapishwa habari njema kutoka Muheza: watoto ambao SP ilishindwa kuwatibu malaria walipona kwa dawa iliyochanganya klorproguanili na dapsoni. Mwaka 2008 dawa hiyo ikaondolewa, kwa sababu dapsoni ilikuwa inavunja chembe za wenye upungufu wa G6PD. Primakwini, dawa nyingine ya malaria, nayo ina tatizo hilohilo ikitolewa kwa dozi kubwa. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2012 dozi moja ndogo ya miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, ili mgonjwa asiendelee kuwaambukiza mbu, swali lilikuwa kama wenye upungufu wataistahimili. Majaribio ya Bagamoyo, yaliyochapishwa 2016, yalikuta dozi hiyo pamoja na dawa mseto ni salama hata kwao. Hiyo ndiyo tiba inayomwangalia mtu mwenyewe ninayoipenda: wagonjwa wa hapa, swali la hapa, na jibu linalotumika zahanati bila mashine ya mamilioni.

Kwa hiyo muulize baba swali moja leo jioni: aliwahi, hata ujanani, kukojoa mkojo mweusi kama kahawa baada ya kumeza dawa, akalegea na macho kuwa ya njano? Akisema ndiyo, mwambie daktari jina la dawa hiyo kama analikumbuka.

Kisha ombeni vipimo vitatu. Cha kwanza ni aina ya hemoglobini, ili ijulikane kama ni AA, isiyo na jeni ya selimundu, au AS. Cha pili ni G6PD. Cha tatu ni picha kamili ya damu pamoja na figo, kwa sababu upungufu wa damu na ugonjwa wa figo navyo huvuruga HbA1c. Wakati mnasubiri, andikeni kwenye daftari kwa wiki mbili: sukari ya asubuhi kabla ya kula na ya saa mbili baada ya mlo mkubwa, pamoja na alichokula. Daftari hilo, kama mashine imethibitishwa, lina thamani kuliko ile karatasi ya 6.4. Maabara kubwa hupima pia fruktosamini, ambayo huangalia sukari iliyoshika protini za majimaji ya damu, kwa hiyo umri wa chembe nyekundu hauihusu.

Kuhusu kuongeza dawa, daktari wa pili anaweza kuwa sahihi, lakini aamue kwa daftari. Msiongeze wala kupunguza wenyewe nyumbani. Baba akianza kiu kali, kukojoa mfululizo, kutapika au kuchanganyikiwa, msingoje daftari, mpelekeni siku hiyohiyo. Jambo jingine la haraka ni macho. Utafiti uliochapishwa 2024, uliotumia kumbukumbu za askari wastaafu wa Marekani, ulikuta wenye kisukari wanaobeba ile jeni ya G6PD walipata madhara ya retina zaidi, kwa sababu HbA1c iliwaonyesha wazuri na dawa zikacheleweshwa. Kama baba amekuwa na 10 na 11 kwa miaka bila mtu kujua, retina yake haikuwa inasoma HbA1c. Akaangaliwe macho kwa kupanuliwa mboni, na miguu ipimwe kama bado ina hisia.

Sasa kaka yako. Mwambie hakosei kwamba utafiti umefika mbali. Mwaka 2025 madaktari wa Philadelphia walichapisha habari za mtoto mchanga aliyetengenezewa dawa ya kurekebisha herufi moja ya jeni, dawa ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kupewa. Upande wa saratani mambo haya yamekomaa kabisa: dawa ya trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, humsaidia mwanamke mwenye saratani ya titi ikiwa tu uvimbe wake una protini iitwayo HER2 kwa wingi. Ndiyo maana kinyama cha titi kikishatolewa, kiulizwe vipokezi vya homoni na HER2 kabla dawa haijachaguliwa. Nimeona familia zikikimbilia sindano kabla majibu hayo hayajatoka, na naomba mwenye mgonjwa wa titi asikubali haraka hiyo.

Kisukari nacho kina mahali ambapo kipimo cha jeni hubadilisha maisha, ila si kwa baba. Mtoto akipata kisukari kabla ya miezi sita, mara nyingi chanzo ni jeni moja iliyoharibika, na baadhi yao, sindano za insulini huachwa wakatumia vidonge vya kundi la glibenklamidi wakakua vizuri. Maabara ya Exeter, Uingereza, imekuwa ikiwapima bure watoto wa namna hiyo kutoka nchi zote. Kwa vijana, utafiti uliochapishwa 2025 wa watu 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, ambao kisukari chao kilianza wakiwa wadogo na wakaandikiwa aina ya kwanza, ulikuta karibu theluthi mbili hawana zile kingamwili ambazo vitabu vinasema huambatana na aina hiyo. Maana yake tuna kisukari ambacho vitabu tulivyosomea havikukieleza. Wengi wao insulini bado ni uhai wao na mtu asiwaachishe, lakini sasa tunajua hata jina la ugonjwa linahitaji kupimwa upya hapa kwetu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na kaka yako. Kati ya watu waliochunguzwa jeni nzima duniani hadi 2021, takriban asilimia 86 walikuwa wa asili ya Ulaya, na wa asili ya Afrika walikuwa kama asilimia 1. Kichupa cha mate kitalinganishwa na hao. Madhara yake yalishaonekana. Mwaka 2013 jaribio moja la Marekani lilipanga dozi ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kutumia jeni. Wagonjwa weusi waliopangiwa hivyo walikaa kwenye kiwango salama asilimia 35 tu ya muda, na wenzao weusi waliopangiwa kwa njia ya kawaida wakakaa asilimia 43. Fomula ilikuwa inatafuta aina za jeni zilizozoeleka Ulaya, na zile za Kiafrika haikuzitafuta.

Tena "Kiafrika" si kitu kimoja. Jeni HLA-B*57:01 humfanya mtu adhurike vibaya na abakaviri, dawa ya VVU. Wayoruba wa Nijeria waliopimwa hawakuwa nayo, ilhali kwa Wamasai wa Kenya ilikuwa asilimia 13.6. Ukimtazama mtu usoni ukasema ni Mwafrika, hujajua lolote kuhusu abakaviri.

Na wakati mwingine ujuzi wa jeni unatufikisha pazuri bila kumpima mtu mmoja mmoja. Enzi za efavirenzi, dawa nyingine ya VVU, wagonjwa walikuwa wakinisimulia ndoto za kutisha na kizunguzungu, na jirani anayemeza kidonge hichohicho hana habari. Sehemu kubwa ya sababu ni jeni CYP2B6: aina inayoivunja dawa polepole ni ya kawaida kwetu, na miligramu 600 zikawa zinawajaa watu mwilini. Dolutegraviri ilipokuja, tukawahamisha watu kwenye dawa isiyopitia njia hiyo kwa kiasi kikubwa, na malalamiko ya usiku yakapungua sana kliniki. Presha nayo kuna njia isiyohitaji maabara kabisa. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2023 uliwapa watu 280 hivi dawa nne tofauti kwa zamu, kila mmoja akizirudia, ukakuta kwamba dawa inayomfaa zaidi mtu fulani ingeweza kushusha presha yake kwa milimita 4.4 zaidi. Ukiwa na mashine ya presha, kalamu na subira, daktari anaweza kuijua dawa ya presha ya mgonjwa wake kuliko kichupa chochote.

Liko pia suala la siri. Kampuni ya 23andMe ya Marekani iliibiwa taarifa za watu milioni 6.9 mwaka 2023, na Machi 2025 ikaomba kinga ya kufilisika, wateja wakabaki wanauliza nani atamiliki vinasaba vyao. Hapa nchini vinasaba vya binadamu vina sheria yake ya mwaka 2009, na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Mate ya baba si kitu cha kufungwa kwenye bahasha na kupewa abiria. Kaka atume hela hiyo ilipie vipimo vitatu nilivyovitaja, stripu za miezi kadhaa na macho.

Sasa mjukuu wangu. Dawa ya kuiulizia ni haidroksiyurea, kama bado hajaianza. Utafiti uliochapishwa 2019, uliowafuatilia watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, wa umri kama wake, ulionyesha maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria kwa nusu hivi, na vifo kwa asilimia 70 ukilinganisha na kabla ya dawa. Mwaka uliofuata Kampala walijibu swali linalokuhusu zaidi: je, watoto wote wapewe miligramu 20 kwa kilo, au kila mmoja apandishwe kadiri damu yake inavyostahimili? Waliopandishwa, wengi hadi karibu 30, walipata maumivu machache na kulazwa kidogo, bila madhara zaidi, hadi jaribio likasimamishwa mapema kwa kuwa jibu lilikuwa wazi. Basi ukienda kliniki, anzia hospitali ya Bombo, usiulize tu kama mtoto anapata dawa. Uliza dozi yake ni ngapi kwa kilo, ilipandishwa lini, na picha ya damu ya mwisho ilisemaje. Mtoto wa miaka minne anaongezeka uzito, na dozi ya mwaka jana imeshakuwa ndogo. Folik asidi, penisilini, chandarua na chanjo visiachwe.

Tiba ya kuhariri jeni ambayo kaka yako ameisikia ipo kweli. Uingereza iliidhinisha Casgevy Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata. Inazima breki ya jeni BCL11A ili mwili urudie kutengeneza hemoglobini ya kichanga, ile ambayo haipindishi chembe. Wagonjwa wa Muhimbili, waliokuwa wakifuatiliwa tangu 2004 chini ya Profesa Julie Makani, ni miongoni mwa waliosaidia kuthibitisha kwamba eneo hilo la jeni lina nguvu kwa Watanzania pia. Lakini ilipoidhinishwa ilikuwa ya kuanzia miaka 12, inahitaji kemotherapia kali ya kusafisha uboho, na bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Haidroksiyurea huongeza hemoglobini hiyohiyo ya kichanga, kwa kidonge. Mfikishe mtoto miaka 12 akiwa na viungo vizima, na hilo linawezekana hapa Tanga.

La mwisho ni la X ya baba. Akikutwa na upungufu wa G6PD, X hiyo amekupa wewe, kwa sababu baba hana nyingine ya kumpa binti. Kaka yako hakuipata kwake, maana mwana hupokea Y kwa baba. Nawe unaweza kuwa umempa mwanao wa kiume, nafasi ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo siku ya kumpeleka babu, mchukue na mjukuu wapimwe pamoja. Ila kama mtoto ameongezewa damu hivi karibuni, au ametoka kwenye homa iliyovunja damu yake, subiri miezi mitatu kwanza: damu ya aliyemchangia, au chembe changa zilizotoka juzi, zitaonyesha kimeng'enya kingi kuliko alicho nacho mwenyewe.